Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone
Mafundisho juu ya safari wakati wa ugonjwa wa kuambukiza

Masomo: Hesabu 12; Matayo 4 na 8; Matendo ya Mitume 27 na 28



Tunawaandikia neno hili juu ya safari, kwa sababu sisi waamini wa Kanisa hili ni watu wa njia. Tunasafiri kwenda kwenye mikutano ya maombi, kwenye ndoa na matanga, na sokoni kutafuta feza ya masomo ya watoto. Tunasafiri kwa bus, kwa kamio juu ya magunia, kwa pikipiki, kwa mashua na kwa miguu. Tena tunaishi katika inchi ambayo magonjwa ya kuambukiza yameitembelea mara nyingi. Ebola ilitambuliwa mara ya kwanza kule Yambuku katika mwaka 1976. Mwaka 1995 ikapiga mji wa Kikwit na kuua watu karibu 250. Tarehe 1 Agosti 2018 ikatangazwa kwetu katika Kivu ya Kaskazini, ikaingia na Ituri, ikadumu mpaka tarehe 25 Juni 2020. Wagonjwa walikuwa 3,470, na waliokufa 2,287. Kabla ile haijaisha, Kovidi ikaonekana Kinshasa tarehe 10 Machi 2020, nayo ikaenea mikoani.

Ugonjwa hauna miguu, wandugu. Unatumia miguu yetu. Basi inafaa tuulize: mtu wa Mungu asafiri namna gani wakati wa ugonjwa? Wazee wetu walikwisha kusema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Neno hili ndilo tunataka kulifundisha leo, lakini kwanza lazima tuungame, maana sisi shemasi wenu tulilivunja.

I. KOSA LETU

Ilikuwa mwezi wa Agosti 2019. Tulitoka Butembo kwenda Goma kwa mkutano wa mashemasi, na tulimchukua mtoto wa dada yetu, kijana wa miaka 14, apate kuanza masomo kule. Usiku wa kuamkia safari mtoto akapata homa. Asubuhi alikuwa na baridi, macho mekundu. Tulikwisha kulipa nafasi katika bus, na mkutano ulikuwa ukitungoja. Mtu mmoja pale kituoni akatuambia: “Mpe parasetamoli sasa, mkifika barieri mwili utakuwa umepoa, kile chombo cha kupima joto hakitaona kitu.”

Tukampa. Mbele ya kila barieri tulishuka pamoja na wasafiri wengine, tukanawa mikono katika maji ya klori, tukapimwa kwenye paji la uso, tukaulizwa: “Kuna mgonjwa kati yenu?” Nasi tukajibu: “Hapana.” Mtoto akatutazama. Akasema kwa sauti ndogo: “Mjomba, na mimi?” Tukamkanya anyamaze. Tulikuwa tumevaa alama ya Kanisa kifuani.

Njia ile ilikuwa na hofu nyingine, hofu ya watu wenye silaha, na wasafiri wote walikuwa wakiomba Mungu gari lipite salama mpaka Rutshuru. Sisi nasi tukaomba kwa sauti, na watu wakaitika Amina. Hakuna aliyejua kwamba ndani ya gari lile tulificha homa.

Goma tulipokewa na mama mjane wa Kanisa letu, mwenye watoto wanne, mmoja bado ananyonya. Alitupa chumba chake, yeye akalala na watoto sebuleni. Usiku wa tatu homa ikarudi kwa nguvu, mtoto akatapika. Yule mama aliamka mbele yetu. Akapangusa matapishi kwa mikono yake mitupu, akamwosha mtoto uso, akafua shuka usiku ule ule. Sisi tulisimama mlangoni tumeshika taa, tukamwona, tukanyamaza. Hata pale tulinyamaza.

Asubuhi woga ulituzidi, tukampeleka mtoto kwenye kituo cha afya na kusema kweli: tunatoka Butembo. Wakamtenga, wakapima damu yake, na siku ya pili baada ya hapo wakapima tena. Majibu yakatoka: haikuwa Ebola, ilikuwa malaria.

Wandugu, wengine watasema: “Basi, hakuna kosa, Mungu aliwalinda.” Hapana. Kosa lilikuwapo kabla ya majibu, na majibu mazuri hayakulifuta. Zile siku za kungoja tulizijua kama siku za hukumu. Kila wakati mtoto yule mchanga wa mjane alipolia, mioyo yetu ilikauka.

Tulirudi kwa mama yule tukapiga magoti, tukamweleza yote. Alinyamaza sana. Kisha akasema: “Baba Shemasi, kama ungeniambia, ningekupokea vilevile. Ila ningefunga mikono yangu kwa mifuko ya plastiki, na watoto ningewapeleka kwa jirani.”

Ndivyo alivyosema, wala hakuongeza neno. Hatujasikia mahubiri makubwa kuliko yale. Sisi tuliogopa kwamba tukisema kweli tutafukuzwa. Kumbe kweli isingetufungia mlango. Uongo wetu ulimnyima mama yule nafasi ya kulinda watoto wake, akiisha kutupa kitanda chake.

II. PAULO KATIKA MERIKEBU

Someni Matendo ya Mitume, sura ya 27. Paulo alikuwa mfungwa, anapelekwa Roma kwa njia ya bahari. Majira yalikuwa mabaya. Aliwaonya wakubwa wa safari kwamba wakiendelea watapata hasara ya mizigo, ya merikebu na ya maisha ya watu. Lakini yule akida wa askari alimsikia nahodha na mwenye merikebu kuliko Paulo. Ni kama mambo ya siku zetu: nauli imelipwa, mizigo imepakiwa, nani anataka kungoja?

Dhoruba ikaja. Siku nyingi hawakuona jua wala nyota. Ndipo malaika wa Mungu akasimama karibu na Paulo usiku, akamwahidi kwamba hakuna hata mmoja atakayepotea kati ya watu wote waliokuwamo. Nao walikuwa watu 276. Angalieni sasa. Ahadi ilikwisha kutolewa, na ilitoka mbinguni. Lakini mabaharia walipotaka kutoroka kwa siri katika mashua ndogo, Paulo hakukaa kimya akisema kwamba malaika amekwisha kuahidi. Alimwambia akida na askari kwamba wale wasipobaki merikebuni, hawataweza kuokoka. Askari wakakata kamba za mashua ile. Tena kulipokaribia kucha, Paulo akawasihi wote wale chakula, wapate nguvu. Wakafika pwani wote, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao.

Tunajifunza nini? Kwamba ahadi ya Mungu na uangalifu wa mwanadamu zilisafiri katika chombo kimoja. Paulo aliamini kuliko watu wote merikebuni, na ndiye aliyekuwa mwangalifu kuliko wote. Na yule anayetoroka kwa siri ili ajiponye mwenyewe anahatarisha watu wote waliobaki. Mtu anayeshuka kwenye pikipiki kabla ya barieri na kupita njia ya shambani ni kama wale mabaharia. Mwezi wa Juni 2019 Ebola ilivuka mpaka ikafika wilaya ya Kasese, Uganda, pamoja na jamaa waliotoka kuuguza na kuzika mzee wao huku kwetu. Walikuwa watu wa matanga, wenye huzuni kama sisi, hawakuwa waovu. Lakini ugonjwa haukuuliza nia yao.

III. MIRIAMU NJE YA KAMBI

Wengine wananung’unika: “Barieri inachelewesha watu. Gari zima linasimama juu ya mtu mmoja mwenye homa.” Tuwapeleke katika kitabu cha Hesabu, sura ya 12. Miriamu, dada ya Musa, alipigwa na ukoma. Musa akamwombea, na Mungu akasikia. Hata hivyo Miriamu alitengwa nje ya kambi siku saba. Na watu wote wa Israeli hawakuondoka mpaka Miriamu aliporudishwa.

Taifa zima lilikuwa safarini kwenda Kanaani, likasimama siku saba kwa ajili ya mwanamke mmoja. Hawakumwacha jangwani, wala hawakumficha katikati yao. Walimtenga, wakamngoja. Ninyi wasafiri, gari likisimamishwa kwa sababu ya mgonjwa mmoja, msimtukane. Mpeni maji, mtunzeni mzigo wake, ombeni kwa ajili yake mkiwa mbali kidogo. Kungoja ni kazi ya upendo.

Tena kutengwa si laana. Aliyeambukizwa Ebola anaweza kukaa kati ya siku 2 na siku 21 bila kuonyesha alama, ndiyo maana waliomgusa mgonjwa wanafuatwa siku 21. Mtu akikubali kuhesabiwa zile siku, asichekwe katika parokia zetu. Ameheshimu jirani yake.

IV. JUU YA MAONO NA UNABII

Sasa tuseme neno gumu, maana sisi ni Kanisa la unabii. Wakati ule wa ugonjwa palikuwa na watu waliosema: “Nimeonyeshwa kwamba safari hii imebarikiwa, usijali mambo ya munganga.” Hatukatai maono. Bila maono makanisa ya kinabii ya inchi yetu yasingekuwapo. Simon Kimbangu alisikia wito wake mara ya kwanza katika mwaka 1918, mwaka ule ule mafua makubwa yalipokuwa yakiua watu pande zote za dunia na hapa Kongo pia. Mababa zetu wa imani walizaliwa katika majira ya tauni. Walijua kulia na kuzika.

Lakini Maandiko yanatuagiza tujaribu roho. Katika Matayo sura ya 4 Shetani alimpandisha Bwana Yesu juu ya hekalu, akamshauri ajitupe chini, akitumia hata maneno ya Zaburi juu ya malaika. Bwana akakataa, kwa sababu ni kumjaribu Mungu. Basi ono lolote linalokuambia uruke barieri, ufiche homa, uandikishe jina la uongo, pima kwa neno hili: Yesu mwenyewe alikataa kuruka. Roho wa Mungu ni Roho wa kweli, hawezi kukufundisha kudanganya.

Wengine wanauliza: “Na kuwekea wagonjwa mikono je?” Ebola inapita kwa kugusa damu, matapishi, jasho na maji mengine ya mwili wa mgonjwa au wa maiti. Someni Matayo sura ya 8. Akida mmoja alimwomba Bwana kwa ajili ya mtumishi wake aliyelala nyumbani. Bwana hakufika katika nyumba ile, wala hakumgusa mgonjwa. Alisema neno tu, naye akapona saa ile. Maombi ya mbali yana nguvu. Wakati wa ugonjwa tuombee hivyo, na Mungu hatapunguza mkono wake.

V. SAFARI AMBAYO HATUKUFANYA

Mungu alitupa nafasi ya pili ya kujifunza. Mwezi wa Aprili 2020, wakati wa hali ya dharura iliyotangazwa tarehe 24 Machi kwa sababu ya Kovidi, baba yetu mdogo alifariki Goma. Ni yeye aliyetulipia masomo ya sekondari. Jamaa wakapiga simu: “Wewe ndiwe mkubwa, njoo utupe udongo.” Watu walijua njia za kupita. Nasi siku zile tulikuwa na kikohozi kidogo.

Kovidi haifanani na Ebola. Inapita kwa pumzi, na mtu anaweza kuwapa wengine kabla hajajisikia mgonjwa. Chombo cha kupima joto hakitoshi kuionyesha. Tulikumbuka mikono mitupu ya yule mama mjane. Tukakaa nyumbani. Tuliomba kwa simu, kijana mmoja ameishika juu kaburini ili watu wasikie, na sauti ilikatika mara mbili. Tulituma feza ya matanga. Wazee wawili wa jamaa walitukasirikia, na mmoja alikataa kusema nasi mpaka mwaka uliofuata, tulipokwenda kusimama kaburini pamoja naye.

Tulilia sana kwa kutomzika. Hatuwaambii kwamba ni jambo jepesi. Lakini baba yetu mdogo alikuwa amekwisha kufika kwa Mungu, na wale waliozunguka jeneza lake walikuwa bado wanahitaji pumzi yao.

VI. MASHAURI KWA WASAFIRI

Basi, wapendwa, ugonjwa wa kuambukiza ukitangazwa pahali unapokaa au pahali unapokwenda, shika maneno haya:

1. Uliza kwanza kama safari ni ya lazima. Mkutano unaweza kuahirishwa. Mwaka 2020 nyumba za ibada zilifungwa kuanzia mwezi wa Machi mpaka tarehe 15 Agosti, na Kanisa halikufa.

2. Ukiwa na homa, kutapika, kuhara au kikohozi, usisafiri. Nenda kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Usimeze dawa ili kudanganya barieri. Homa nyingi ni malaria, lakini macho yetu hayawezi kutofautisha, ni vipimo vinavyoonyesha.

3. Kwenye barieri toa jina lako la kweli, pahali ulipotoka na nyumba unayokwenda. Mwezi wa Julai 2019 ugonjwa ulifika Goma kwa njia ya bus, na ilibidi wote waliokuwa katika gari lile watafutwe haraka wapewe chanjo. Jina la uongo lingekufanya usipatikane siku ile ambayo kupatikana ni uzima.

4. Chanjo ikiwapo, ipokee, na uchukue karatasi yake. Katika ugonjwa ule wa Ebola watu zaidi ya 300,000 walichanjwa.

5. Ndani ya gari fungua dirisha, hata kama vumbi linaingia. Wakati wa Kovidi funika mdomo na pua. Usinywe katika kikombe kimoja na wengine. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, na salimia kwa kuinamisha kichwa. Salamu ya mkono si amri ya Mungu.

6. Usimguse maiti wala nguo za marehemu. Acha wale waliofundishwa wazike, nawe usimame mbali ukiimba.

7. Mwambie mwenyeji wako kabla hujaingia kwake: ninatoka pahali fulani, ugonjwa upo kule, nami najisikia hivi na hivi. Mwachie yeye kuamua pahali utakapolala. Hili ndilo kubwa kuliko yote.

Na ninyi wenyeji, msimfukuze anayesema kweli. Mkimfukuza, mtawafundisha wasafiri wote kusema uongo. Mtayarishieni pahali pake, bakuli lake na maji yake. Yule mama mjane ametuonyesha kwamba inawezekana.

VII. MWISHO

Tumemwacha Paulo pwani. Mrudieni katika sura ya 28. Kisiwa kile kiliitwa Malta. Wenyeji waliwawashia moto kwa sababu ya mvua na baridi. Kisha mkubwa wa kisiwa, Publio, akawapokea nyumbani kwake siku tatu kwa wema. Na baba yake Publio alikuwa amelala, ana homa na kuhara damu. Paulo akaingia, akaomba, akamponya.

Mnaona, wandugu? Mgeni alikuja, mwenyeji akapona. Paulo alikuwa amelowa maji, mfungwa, hana mzigo wala feza, lakini nyumba iliyomfungulia mlango ikapata uzima. Sisi mwaka 2019 tuliingia katika nyumba ya mjane tumevaa alama ya Kanisa, na tungaliweza kumletea kifo. Mungu alihurumia, lakini hatutaki mtu mwingine wa Kanisa hili apite njia ile.

Tunaomba kila parokia siku ya Yenga, anayetaka kusafiri asimame mbele ya waamini, ataje anakokwenda na atakayempokea. Tutamwombea yeye na nyumba ile pamoja. Na ikiwa ana homa, aiseme mbele yetu, nasi tutamngoja kama Israeli walivyomngoja Miriamu.

Ee Bwana, Mungu wa njia na wa nyumba, utulinde tunapoondoka na tunapofika. Utupe kinywa cha kweli mbele ya barieri na mbele ya mlango wa rafiki. Uponye wagonjwa wetu, ufariji waliozika kwa mbali, ubariki mikono ya waganga na ya wamama wanaopokea wageni. Nyumba tutakayoingia isijute kutufungulia.

Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.

Shemasi wenu